Siku ya Kibarua

Vitabu vya Hesabu vya shule zetu za msingi vimejaa vibarua. Vibarua 6 wanalima shamba kwa siku 8; je, vibarua 4 watalilima kwa siku ngapi? Nimeliandika swali hilo ubaoni, au ndugu zake, kwa miaka yote ya kazi yangu. Watoto wamenijibu siku 12, nami nimewatilia vyema zao. Vibarua wa kitabuni ni watu wa ajabu. Hawaumwi, hawachelewi, jembe lao halichomoki mpini, wote wana nguvu sawasawa, na jioni hawaendi popote. Zaidi ya yote, hawana mashamba yao wenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mtu akistaafu na kukaa nyumbani kwake, ndipo anapotambua kwamba ua una kazi. Huku kwetu Singida mvua ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na mwaka mzima hatupati zaidi ya milimita 600 au 700 hivi. Miezi mingine yote ardhi ni kavu, na ufagio wa chelewa unatosha. Lakini zikinyesha mvua tatu tu za Desemba, ua uliokuwa mtupu hugeuka pori: mbigili zinatambaa, ndago zinachipua, na nyasi zinapanda kati ya yale mawe makubwa ambayo kila mgeni wa mkoa huu huyashangaa. Zikifika magotini, mama mwenye nyumba huanza kutaja nyoka. Mtu aliyevuka miaka sabini, mwenye mgongo kama wangu, hawezi tena kulima ua wa robo eka peke yake. Basi hutafuta kibarua, na hapo hapo huulizwa swali ambalo halimo kitabuni: Mzee, utanipa ngapi?

Sisi walimu tulichelewa kuulizwa swali hilo, na ipo sababu. Chuoni tulikisoma kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea alichokitoa Mwalimu Nyerere Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Kusudio lake lilikuwa jema: shule iwe pia shamba, na kijana asome bila kulidharau jembe. Lakini katika shule nyingi jembe hilo lilivuka mpaka. Lilitoka shamba la shule likaingia uani kwa mwalimu. Wanafunzi walichota maji ya mwalimu, walifyeka ua wa mwalimu, walipalilia mahindi ya mwalimu, na yote yakaitwa EK. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi nililima sana kwa mwalimu mmoja ambaye malipo yake yalikuwa konzi ya ubuyu, na siku nyingine ubuyu wenyewe ulikuwa umekwisha. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliweka daftari. Kila ngwe waliyolima wanafunzi iliandikwa ni ya mradi gani na mapato yake yalikwenda wapi, na ngwe ya mwalimu binafsi haikuwa na safu yake. Daftari hilo halikunipatia marafiki wengi katika chumba cha walimu. Nayataja haya kwa sababu yanaeleza kwa nini wastaafu wengi wa kazi yetu, wakitajiwa na kibarua shilingi 5,000, hushtuka kama waliotajiwa bei ya ndama. Wamezoea kazi ya jembe kuwa bure.

Neno lenyewe lina historia yake. Kibarua ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa kuonyesha kwamba amefanya kazi, hata kikaratasi kikampa jina lake yule aliyekishika. Kwenye mashamba makubwa ya mkoloni kulikuwa na kipande. Wazee wetu walioondoka Singida kwenda kwenye mkonge wa Tanga waliitwa manamba, kwa ajili ya namba walizopewa, na kila mmoja alikuwa na kadi ya siku 30 aliyotakiwa kuikamilisha ndani ya siku 42. Siku isiyotiwa alama haikuwa siku. Mkataji alipimiwa kwa matita, kila tita majani 30. Mzee mmoja wa ukoo wetu, aliyekwenda kutafuta fedha ya kodi, alikuwa akitusimulia kwamba huko alijifunza kuhesabu hadi 30 kabla hajajua herufi hata moja. Miba ya mkonge alikuwa akiitaja kwa kicheko. Jambo alilolisimulia bila kucheka lilikuwa ule mwaka aliokaa Tanga mvua zikinyesha huku kwao, na uwele wake ukaota, ukasongwa na nyasi, ukakauka. Alirudi na shilingi mfukoni akakuta ghala tupu, na shilingi zikaishia kununua nafaka ya watu wengine.

Kabla ya fedha kutawala, kazi nzito za shamba zilifanywa kwa kualikana. Mwenye shamba alipika pombe, majirani wakaja na majembe yao alfajiri, shamba likaisha, pombe ikanywewa, na baada ya siku chache ikawa zamu ya mwingine. Mmarekani mmoja, Harold Schneider, aliyeishi miongoni mwa Wanyaturu na kuchapisha kitabu juu ya uchumi wao mwaka 1970, aliona jambo ambalo wageni wengi hawakuliona: kwamba watu hawa walikuwa wakipiga hesabu za nafaka, mifugo na kazi kwa makini kama mfanyabiashara yeyote. Naamini hivyo. Katika kualikana hesabu ilikuwa wazi kabisa. Aliyekupa siku yake ya Januari ulimrudishia siku yako ya Januari. Siku ililipwa kwa siku ya namna ileile, na hakuna aliyebaki na shamba bovu kwa sababu ya kulisafisha la jirani.

Fedha haina mwezi. Shilingi ya Januari na shilingi ya Agosti zina sura moja, na mtu anaweza kudhani kwamba siku ya Januari na siku ya Agosti nazo ni moja.

Januari 2023 ilianza kutumika amri mpya ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, nami nikaona heri nianzie kwenye sheria, maana nimekuwa mtu wa nyaraka maisha yangu yote. Kwa mfanyakazi wa kilimo amri hiyo ilitaja shilingi 140,000 kwa mwezi. Kwa mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri, ilitaja 120,000, na anayelala humo, 60,000. Sasa ndugu msomaji nisaidie: kijana anayepalilia mipapai yangu ni wa kilimo au wa nyumbani? Na akitoka kwenye mpapai akaenda kufyeka nyasi za mlangoni, je, ameshuka cheo hapo katikati ya ua? Nilichukua kile kilicho kikubwa. Ukiigawa 140,000 kwa siku 26 za kazi unapata kama shilingi 5,385 kwa siku. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, yaani saa saba na nusu kwa siku kama wiki ni ya siku sita, na hivyo saa moja inakuwa shilingi 718. Jirani yangu, karani mstaafu, mtu mwema na mcheshi, wakati huo alikuwa akilipa 3,000 kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 6 na nusu mchana. Hizo ni saa sita, ambazo kwa hesabu ile ni shilingi 4,300 na senti zake. Hakuna mkaguzi atakayebisha hodi kuuliza habari za kibarua wa siku moja, lakini walau nilikwisha kupata mstari wa kuanzia.

Wiki ya pili ya mwezi huohuo alinijia kijana mmoja.

“Hodi hapa. Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Nimeuona ua wako umeota sana. Nipe kazi.”

Nikamwuliza anatoka wapi. Akanitajia kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nikamwuliza kama ana shamba.

“Ninalo, babu. Eka moja na nusu ya alizeti, na mtama kidogo.”

“Umekwisha palilia?”

“Bado. Nyasi zimelingana nayo.”

“Sasa mbona uko huku mjini?”

“Watoto hawali nyasi, babu.”

Nilimkaribisha akae juu ya jiwe chini ya mwembe, akaletewa uji, nami nikaenda kuchukua karatasi na kalamu, kwa kuwa mwalimu haachi tabia. Tukapiga hesabu pamoja. Alizeti haina uvumilivu katika wiki zake za mwanzo. Ikisongwa na majani wakati huo, hata ukija kulipalilia shamba baadaye, vichwa huwa vidogo. Yeye mwenyewe alikadiria kwamba shamba lile likipaliliwa wiki hiyo atapata magunia 7, na likiachwa hadi Februari atapata 3. Tofauti ni magunia 4. Tukachukua bei ya chini, 40,000 kwa gunia, ikawa 160,000. Kulipalilia kulihitaji siku kama 10 za jembe lake. Kwa hiyo kila siku moja ya wiki ile, akiwa shambani kwake, ilikuwa na thamani ya shilingi 16,000. Jirani yangu alikuwa akiinunua kwa 3,000, na wauzaji walikuwa wamepanga foleni.

Kijana aliitazama karatasi kwa muda, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: “Najua, babu.” Alijua tangu alfajiri alipolipita shamba lake kuja kusafisha la watu. Alizeti ingempa fedha Juni, na unga ulitakiwa jioni ile. Mwaka ule mahindi yalikuwa ghali nchini kote, na kilo moja ya unga katika duka la mtaani kwetu ilikaribia shilingi 2,000. Malipo ya jirani yangu yalikuwa kilo moja na nusu ya unga kwa familia ya watu watano, bila mboga, bila chumvi, bila mafuta ya taa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba bei ya haki ni bei ya mtaa. Bei ya mtaa ya Januari hutengenezwa na njaa. Vibarua huwa wengi kwa sababu maghala yamekwisha, na kwa kuwa ni wengi bei hushuka, na hushuka katika wiki zilezile ambazo siku ya mkulima ina thamani kubwa kuliko siku zote za mwaka wake. Juni, baada ya mavuno, ukimwita mtu kwa 3,000 atakuambia yuko kwenye harusi. Tena anayeiuza siku yake ya Januari leo ndiye atakayekuwa na ghala tupu Januari ijayo, na ndiye atakayesimama tena getini kwako. Ni kama kununua ng'ombe wa mtu aliyefiwa usiku wa kuamkia mazishi: mnunuzi anajua kwamba mwenzake hawezi kusubiri mnada.

Nilimweleza jirani yangu mambo haya, naye alinijibu vizuri. Alisema, “Mwalimu, unaharibu bei. Wewe una pensheni, na mtaa huu una wajane. Tukilazimishwa wote kulipa 6,000, mimi nitaajiri mtu mmoja badala ya wawili, na yule wa pili atarudi nyumbani mikono mitupu. Nani atakuwa amemsaidia?” Hoja hii si ya kijinga, na wataalamu wa uchumi wameiandikia vitabu. Mtaani kwetu yupo mama mmoja, mkunga mstaafu, ambaye akitoa 6,000 atakuwa amejinyima dawa zake. Siwezi kumwambia kwamba ananyonya. Niliyemwambia ni jirani yangu, kwamba asiyeweza kulipa ua mzima na alimishe nusu, ile ya njiani na ya chooni, na ile nyingine aiachie mbuzi. Hakuna amri ya serikali inayosema ua wa mstaafu uwe mweupe tarehe 15 Januari. Alizeti ya yule kijana ndiyo iliyokuwa na tarehe.

Basi kijana yule sikumpa kazi. Nilimpa shilingi 36,000, tukaandikiana kwenye karatasi ileile kwamba ni ujira wa siku sita za Agosti: kuchimba mashimo ya miti, kuondoa visiki na kuziba mapengo ya ua wa minyaa. Alitia sahihi kwa mwandiko mzuri kuliko wa baadhi ya walimu niliofanya nao kazi. Mke wangu alisubiri hadi alipokwisha pita getini, ndipo akasema, “Mwalimu, hiyo hela umeiaga?” Alikuwa na haki ya kuuliza. Fedha ile ilikuwa ya bati za banda la kuku, na kuku wa Singida, kama nchi nzima ijuavyo, si jambo la mzaha.

Alikuja Agosti. Alifanya siku nne za kazi ya kiume kweli, mashimo yana kina na kingo zilizonyooka. Siku ya tano alipata kazi ya kubeba vitunguu, akamleta mdogo wake amalizie siku mbili. Mdogo mtu alikuwa mvivu, na shimo lake moja ningeweza kulifunika kwa sufuria. Alizeti ilikuwa imetoa magunia 5, si 7, kwa kuwa mvua zilikatika mapema upande wa kijiji chao. Mke wangu, akiwasimulia watu habari hii, huanzia kwa yule mdogo mtu.

Tangu hapo nimeshika utaratibu, nao si mgumu. Kazi kubwa ya ua huwekwa kati ya Julai na Oktoba, na anayeihitaji fedha Januari huipata Januari, kwa maandishi. Wapo wawili ambao hawakurudi. Katika miaka hii yote ni wawili tu. Ile kidogo isiyoweza kungoja mvua ziishe naipima kwa ngwe, hatua kumi kwa kumi kwa kamba ya katani yenye mafundo, na bei hutajwa kabla jembe halijagusa udongo. Wengine hupendelea kulipa kwa siku kwa kuogopa kwamba mtu wa ngwe ataparura juu juu tu. Ataparura, ndiyo, usipokagua. Lakini mtu wa ngwe akianza saa 12 huweza kumaliza saa nne, jua halijawa kali, naye akawahi shambani kwake, na Januari hicho ndicho kitu cha thamani ninachoweza kumpa zaidi ya fedha. Bei ya ngwe naipanga upya kila mwaka baada ya kuulizia unga: mtu akimaliza ngwe zake za asubuhi apate kilo tatu na chenji ya mboga. Ile 5,385 ya serikali niliichukulia kuwa sakafu, si dari. Uji na chakula sivikati kwenye malipo. Mwanamke na mwanamume wanalipwa sawa, maana kamba haijui ni nani anayelima, ingawa mitaa ya huku bado akina mama hupewa pungufu kwa ngwe ileile na watu huona ni kawaida. Mtoto wa shule akija namrudisha, na kama ni wa chini ya miaka 14 hata sheria hairuhusu aajiriwe. Mara nyingi huondoka na embe.

Na sisemi “njoo kesho.” Kwa mtu aliyetembea saa mbili, njoo kesho ni kumkata saa nne nyingine za miguu bila malipo. Majirani zangu Waislamu hukumbushana kuhusu ujira kutolewa kabla jasho halijakauka, nasi Wakristo tuna ule mfano wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, ambapo wa asubuhi na wa jioni walipewa dinari moja moja. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mfano huo, na wahubiri wote huharakisha kwenda mbinguni. Mimi hubaki pale sokoni, na wale waliosimama kutwa kwa kuwa hakuna aliyewaajiri, nikijiuliza ulikuwa mwezi gani, na nyumbani kwao kulikuwa na nini cha kupalilia.

Jirani yangu siku hizi analipa 4,000. Anasema si kwa sababu yangu, ni kwa sababu ya unga, nami sibishi. Ua wake huwa safi wiki ya pili ya Januari, na wapita njia huusifu. Wa kwangu hungoja. Mwaka huu nyasi zilifika kiunoni upande wa tangi la maji, na mke wangu aliua nyoka hapo, mdogo, wa rangi ya majani. Ameniomba niliandike na hilo.